Mazoezi ya mbwa: maswali ya wafugaji wa Arusha na Moshi

Mbwa wangu hushinda bandani, usiku namfungulia alinde. Ua ni mkubwa. Si inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Mbwa wengi wa ulinzi kule Njiro au Sakina hukimbia hadi getini, hubweka, kisha hujilaza. Ua hata uwe wa ekari nzima, mbwa hatembei bila sababu. Mtoe nje kwa kamba, nusu saa hivi kwa siku kama ni mzima na ana afya. German Shepherd na wenzake waliozaliwa kwa ajili ya kazi huhitaji saa moja au zaidi, ambayo unaweza kuigawa asubuhi na jioni.

Na umwache anuse. Wengi wetu humvuta mbwa kila anaposimama kwenye nguzo, kana kwamba tumechelewa daladala. Kunusa kunaishughulisha akili yake, na akili ikishughulika naye hutulia. Anayechimba bustani na kutafuna viatu huenda si mkorofi, hajachoka tu. Kamba usiiache hata kama ni mpole: watoto wa shule wakimwona mbwa huru watakimbia, naye atawafukuza.

Mimi hukimbia kila alfajiri. Naweza kwenda na mbwa wangu wa miezi mitano?

Bado. Ncha za mifupa yake zina sehemu laini zinazoendelea kukua. Kwa mbwa wengi hukomaa akikaribia mwaka mmoja, na kwa wenye umbo kubwa hadi mwaka na nusu. Mbio ndefu na kuruka kutoka juu vinaweza kumharibia viungo. Acheze anavyotaka, akichoka alale. Pia asipelekwe wanakopita mbwa wengine kabla chanjo zake hazijakamilika, maana kirusi cha parvo, kinachowaharisha damu watoto wa mbwa, hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo isisahaulike.

Moshi kuna joto. Nimtoe saa ngapi?

Kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, hasa Januari na Februari. Arusha mwezi wa Julai hata saa sita mchana haina neno. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza zaidi kwa kuhema. Ndiyo maana wenye uso bapa, kama Pug na Bulldog, huzidiwa haraka: njia zao za hewa ni finyu. Hao watembee polepole, na muda mfupi.

Kabla ya kupita kwenye lami, weka mgongo wa kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likifika 41 maisha yake yako hatarini. Ukiona anahema bila kutulia, mate yamekuwa mazito, fizi zimeiva wekundu au anayumba, mwingize kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata akionekana amepata nafuu.

Wangu ni mzee, mnene, na huamka akichechemea. Apumzike tu?

Kwanza daktari amwone, kwa kuwa kuchechemea kuna sababu nyingi. Ikiwa ni viungo vya uzee, kulala kutwa kutamkakamaza zaidi. Mpe matembezi ya dakika kumi mara mbili tatu kwa siku, kwenye udongo au majani, si kwenye mteremko wenye mawe. Na mpunguzie ugali: kilo anazobeba bure ndizo zinazoyaumiza magoti.

Ale kwanza au atembee kwanza?

Atembee kwanza. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akikimbizwa akiwa ameshiba, tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, na hilo huua kwa saa chache. Mkirudi, mpe maji, kisha mkague kupe masikioni na katikati ya vidole wakati chakula kinapoa.