Je, wajua kwa nini wagonjwa wawili wenye mapafu yaliyoharibika sawasawa hawaishi maisha sawa?

Chukua wagonjwa wawili wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Kwenye spirometa, kifaa cha kupimia hewa mtu anayopuliza, wote wanatoa katika sekunde ya kwanza asilimia 45 ya hewa inayotarajiwa. Mmoja anafua nguo zake na kupanda ngazi. Mwenzake anahema akivaa shati. Mara nyingi tofauti hiyo inaletwa na maradhi yaliyoambatana: ya moyo, misuli, mifupa, kisukari, sonona (huzuni nzito isiyoisha).

Misuli ndiyo husahaulika zaidi. Anayebanwa pumzi huacha kutembea, mapaja yananywea, na misuli iliyonywea huchoka mapema na kudai hewa nyingi kwa kazi ileile. Basi anabanwa zaidi. Hofu nayo humfanya ahemee juujuu, hewa haipati muda wa kutoka, inabaki kifuani na kukijaza. Ndiyo maana hufundishwa kuvuta hewa puani kwa hesabu ya 2, kisha kuitoa polepole kwa hesabu ya 4, midomo ikibanwa kama ya mtu anayepiga mluzi.

Moyo hudanganya. Ukishindwa kusukuma damu, nao huleta kuhema na uchovu, na mgonjwa akaishia kuongezewa, bila faida, dawa za mapafu za kuvuta kwa mdomo. Miguu ikivimba, uzito ukipanda ndani ya siku chache, au asipoweza kulala chali bila kukosa pumzi, moyo upimwe. Dawa za beta-bloka, yaani za kupunguza kasi ya mapigo, zinazolenga moyo, kama bisoprololi, kwa kawaida hazipaswi kunyimwa mgonjwa anayezihitaji eti kwa sababu ya mapafu.

Vidonge vya prednisoloni huokoa pumzi ikizidi kubana, lakini vikirudiwarudiwa hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Aliyevitumia kwa wiki nyingi asiviache ghafla.

Maisha yenyewe hupimwa vipi? Lipo dodoso la maswali 8, kila moja alama 0 hadi 5: kikohozi, usingizi, kujiamini kutoka nyumbani. Jumla ikifika 10, ugonjwa unamwelemea. Aulizwe pia waziwazi kuhusu huzuni. Wengi hawaisemi wenyewe.

Tiba inayogusa mengi kwa pamoja ni mazoezi yanayosimamiwa, angalau mara 2 kwa wiki kwa wiki 6 hadi 8. Kuhema kwa kiwango cha 4 hadi 6 kati ya 10 wakati wa mazoezi kunaruhusiwa. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mazoezi papo hapo.