Sabufa ya Jirani na Mipaka ya Sheria

Mkazi wa Dar es Salaam anayekuja ofisini kwetu kulalamikia kelele huanza na swali lilelile: Serikali iko wapi? Ana haki ya kuuliza, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitambua kelele kuwa uchafuzi, na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2015 zinaweka ukomo wa kelele za mchana na za usiku. Nami, kama afisa afya ya mazingira, humuuliza swali langu: umeshazungumza na huyo mwenye kelele? Wengi hawajazungumza.

Mama mmoja wa Tandika, mwenye mjukuu mchanga, alikuja kushtaki sabufa ya mpangaji wa chumba cha pili. Tulipofika usiku na kipima sauti, kijana alikuwa ameshaliona gari letu na kuzima muziki, na kipimo kikasoma mlio wa feni.

"Mama, mbona hukunigongea tu?"

"Niliogopa utanijibu vibaya, mwanangu."

Sabufa ilikuwa sakafuni, imeegemea ukuta wa pamoja, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo alipolala mtoto. Besi hupenya tofali kwa urahisi kuliko sauti ya mwimbaji, ndiyo maana mwenye muziki huamini kwa dhati kwamba amepunguza ilhali jirani yake bado anatikiswa. Kijana aliihamishia upande wa dirisha, juu ya kipande cha godoro, na shauri likaishia hapo. Hakuna kanuni ambayo ingejua sabufa ile imekaa wapi.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kila kero ni suala la ustaarabu. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 liliwezekana kwa sababu mifuko ina milango inayojulikana: kiwandani, mpakani na dukani. Baa nayo ina mlango wake, yaani leseni. Mwenye baa anapata faida kutokana na muziki mkubwa, wala hamjui anayekosa usingizi nyuma ya uzio wake, hivyo kumwambia mkazi huyo akagonge na kuomba taratibu ni kumtwisha kazi yetu.

Tena kelele ya usiku si jambo la kuvumiliwa kirahisi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa Ulaya wastani usiozidi desibeli 40 nje ya nyumba usiku, na kila desibeli 10 zinazoongezeka huzidisha nishati ya sauti mara 10. Huko watu hufunga vioo wakalala. Madirisha ya kwetu mengi ni nondo na nyavu, na hata penye vioo, kuvifunga mwezi wa Februari ni adhabu nyingine.

Kwa jirani wa ukuta mmoja, basi, anza kwa kugonga mchana, muziki ukiwa umezimwa na hasira zimetulia, na ukishindwa mwone mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Kwa baa au ukumbi, peleka malalamiko ya maandishi halmashauri, ukiwa umeorodhesha kwa wiki mbili tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumalizika, maana kipimo chetu husoma usiku mmoja tu, na mara nyingi ni ule ambao gari letu limeonekana.