Mtu wa kamera haitwi siku ya mwisho

Kila muhula huja ombi lile lile, majina tu ndiyo hubadilika: "Mradi wetu wa kupunguza taka chuoni umekamilika, sasa tunatafuta mtu wa kutupigia video." Umekamilika! Kwa hiyo rundo la taka la mwanzoni nilipige picha wapi, ndotoni?

Imani yenyewe ni kwamba wa mazingira alete takwimu, wa uhandisi aeleze mtambo, halafu wa uanahabari apambe. Kila mmoja na kipande chake, vije vigundishwe usiku wa kuamkia maonyesho. Hapo hakuna timu, kuna foleni.

Chukua mradi mwepesi kuliko yote, mabaki ya chakula mesini. Mpima na mpiga picha wanapaswa kupanga juma la kwanza pamoja. Ndoo ipimwe ikiwa tupu, uzito wake uandikwe ubavuni kwa kalamu nene, ndipo mabaki yaingie. Mifupa na magunzi yawe na ndoo yake. Chai na mchuzi visimwagwe humo, maana lita moja ya maji ni kilo nzima, na mtu mmoja mwenye haraka anaweza kuwaharibia hesabu ya siku. Mizani ya kuning'iniza itundikwe pale pale kila siku, na kamera iikaribie mpaka mshale utulie, ndoo na maandishi yake yakiwa kwenye fremu hiyo hiyo. Huo ndio ushahidi. Michoro ya kompyuta yenye majani yanayochipua haizibi pengo lake.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi. Video inatangaza: "Tumepunguza taka kwa karibu nusu." Ukichimbua unakuta juma la kwanza lilipimwa katikati ya muhula, la pili mitihani ikiwa ukingoni na wenzetu wameshapanda matatu kwenda makwao. Taka zimepungua kwa kuwa walaji wamepungua! Kipimo chenye maana ni gramu kwa kila sahani iliyopakuliwa. Kilo 48 kwa sahani 600 ni gramu 80. Kilo 27 kwa sahani 300 ni gramu 90. Ukihesabu kilo mmeshinda, ukihesabu sahani mmerudi nyuma. Idadi ya sahani inapatikana kwenye hesabu za mauzo ya mesi, na mwanafunzi wa uhasibu ndiye anayejua daftari gani la kuomba na namna ya kulisoma. Lakini nani huwa amemwalika wa uhasibu kwenye timu ya video? Hakuna.

Mhariri hawezi kuligundua hilo peke yake, na simlaumu. Yeye naye anajua jambo ambalo mpima halijui: lenzi hudanganya. Rundo ukilisogelea kwa lenzi pana ya simu, ile ya 0.5, linafura na kutawala uwanja mzima. Rudi nyuma hatua sita, tumia lenzi ya kawaida, na rundo lile lile linakuwa kichuguu. Ukiunganisha picha hizo mbili kama "kabla" na "baada", umesema uongo bila kutamka neno. Kwa hiyo pigeni alama ya rangi sakafuni pa kusimamisha stendi, kisha mtumie kimo kile kile, lenzi ile ile, saa ile ile. Na picha ya "kabla" haiigizwi baadaye kwa kumwaga taka upya. Nimeshaombwa hilo, jibu ni hapana.

Wa umeme naye akae na mwandishi wa mswada. Kilowati ni kasi ya umeme kutoka, kilowati-saa ni kiasi kilichotoka. "Paneli zetu hutoa kilowati 50 kwa siku" ni sentensi isiyosema kitu. Wa bayogesi wakumbuke kwamba mwali wake wa samawati hauonekani vizuri juani. Zimeni taa, fungeni madirisha ya jiko, la sivyo mtazamaji ataona sufuria inayochemka juu ya hewa tupu.

Ya kamera nayapitia haraka. Fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hertz 50, mizunguko 50 kwa sekunde. Ukiiacha simu kwenye 30 kama ilivyokuja, chini ya baadhi ya taa utaona mistari ikitambaa ukutani. Hapa Kisumu tuko karibu kabisa na ikweta, jua la adhuhuri huchimba mashimo meusi machoni mwa watu, kwa hiyo mahojiano ya nje yawe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Alasiri upepo hutoka ziwani, basi maikrofoni ivalishwe manyoya yake. Mvua ikianza kupiga mabati, fungeni virago. Ridhaa ya wanaoonekana ichukuliwe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwasamehe wanafunzi.

Lipo tatizo moja ambalo sijalipatia dawa. Kamera ikisimama karibu na ndoo, watu humaliza ugali wao. Tunachokipima ni tabia zao au ni aibu zao? Siku hizi nazitenganisha siku za kupima na siku za kupiga picha, lakini mizani yenyewe pia inaonekana, na watu si vipofu.

Rasimu ya kwanza itazamwe na wote chumba kimoja, na kila fani iwe na haki ya kusimamisha video na kusema "hapo si kweli". Mpishi mkuu awepo. Ni yeye atakayewaambia kwamba sufuria mnayoisifu kwa kupikiwa bayogesi imekuwa juu ya kuni tangu muhula uliopita.