Fangasi wa kucha za miguu: pima kwanza, kisha uupe ukucha muda

Mgonjwa wa kucha huwa hafiki kliniki ya ngozi akiwa hajagusa dawa. Ameshapita duka la dawa, akauziwa krimu, akapaka wiki mbili bila kuona mabadiliko. Akarudi, akapewa vidonge viwili vitatu vya flukonazoli, navyo havikufua dafu. Jirani akamshauri siki, mwingine limau na kitunguu saumu. Akifika kwetu swali lake ni moja: hakuna dawa kali zaidi ya hizi?

Zipo, lakini mara nyingi kilichokosekana si ukali wa dawa. Ama ukucha haukupimwa, ama dawa ilitumika kwa siku chache mno, ama mgonjwa aliiacha njiani kwa sababu alitazama kidole gumba cha mguu baada ya miezi miwili akaona kiko vilevile.

Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo nianze nalo. Ukucha ulioharibika haurudi kuwa mzuri. Ile sehemu ngumu unayoiona na kuikata haina damu wala mishipa ya fahamu. Imeshakufa tangu ilipotoka chini ya ngozi. Kazi ya dawa ni kuua fangasi na kuulinda ukucha mpya unaotengenezwa kwenye shina. Ule wa zamani unasukumwa mbele taratibu, nawe unaukata kidogokidogo hadi uishe. Ukucha wa mguu hurefuka kama milimita 1.5 kwa mwezi, nusu tu ya kasi ya ukucha wa mkono. Kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18 kubadilisha ukucha wote, na kwa mzee au mtu ambaye damu haifiki vizuri miguuni huchukua zaidi.

Fanya hesabu hapo. Aliyemaliza wiki 12 za vidonge bila kuruka hata siku moja atakuwa na ukucha safi wa milimita nne au tano tu, pale karibu na ngozi. Sehemu iliyobaki bado itakuwa ya njano, nene na inayomeguka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Asiyeelezwa hivi huhesabu kwamba dawa imeshindwa. Ndiyo maana tunapenda mgonjwa apige picha ya ukucha kwa simu siku ya kuanza dawa, halafu tunachora kwa tupa mstari mwembamba juu ya ukucha, kwenye mpaka wa palipo pazima na palipo pagonjwa. Mstari ukisogea mbele na nyuma yake pakabaki pasafi, dawa inafanya kazi. Ugonjwa ukiuvuka mstari kurudi upande wa shina, tuzungumze upya.

Si kila ukucha mbaya una fangasi

Karibu nusu ya kucha zilizobadilika rangi au umbo hazina fangasi hata kidogo. Kijana anayecheza mpira na viatu vinavyombana hugonga kidole gumba mara elfu moja kwa wiki; ukucha unanenepa, unaachana na nyama, unakuwa mweupe au mweusi. Ugonjwa wa ngozi wa soriasisi hutoboa kucha vishimo vidogovidogo na kuzinyanyua, na kwa macho matupu hata daktari anaweza kudhani ni fangasi. Pumu ya ngozi nayo huziharibu, na umri peke yake huzifanya nene. Watu hawa wote ukiwapa dawa ya fangasi kwa miezi mitatu umewamezesha kemikali bure.

Kuna moja ambayo sitaki ipite kimya. Mstari wa kahawia au mweusi unaokwenda kwa urefu wa ukucha ni jambo la kawaida kwetu watu weusi, hasa ukiwa kwenye kucha kadhaa na ukiwa hivyo miaka yote. Ukitokea kwenye ukucha mmoja tu, ukapanuka, ukawa na rangi zisizolingana, au weusi ukamwagikia kwenye ngozi inayouzunguka ukucha, usipake chochote. Nenda ukaonwe haraka, kwa sababu saratani ya ngozi aina ya melanoma, ambayo kwa weusi ni nadra, ikitokea hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, kidonda ambacho mwanzoni kilidhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki Mei 1981.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Mtaalamu anasafisha ukucha kwa spiriti, anakata ile sehemu ya mbele iliyooza, kisha anakwangua kwa wembe ungaunga ulio chini ya ukucha, ndani kabisa, mahali ugonjwa unapokutana na uzima. Huko ndiko fangasi walio hai wanakokaa. Vipande vya ncha havina faida kubwa. Ungaunga unakusanywa kwenye karatasi iliyokunjwa, maabara wanauloweka kwenye maji ya potasiamu haidroksaidi na kuutazama kwa hadubini. Jibu unaweza kulipata siku hiyohiyo. Kuwaotesha ili kujua ni aina gani huchukua wiki mbili hadi nne. Njoo bila rangi ya kucha wala hina mbichi, na kama unapaka dawa ya fangasi, iache wiki mbili kabla. Kipimo kinaweza pia kukosea kwa kutoona kitu kilichopo, kwa hiyo jibu likiwa "hakuna" na ukucha bado unatia shaka, kirudiwe.

Pale fangasi wanapoonekana, mara nyingi ni Trichophyton rubrum, ambaye chakula chake ni keratini, protini inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Kwa kawaida haanzii kwenye ukucha. Anaanzia katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha nne na kidogo: ngozi inalainika, inakuwa nyeupe, inachunika, inawasha na kunuka. Mtu anaizoea miaka na miaka, kisha siku moja fangasi wanapata upenyo kwenye ukucha. Ndiyo maana walinzi, askari, wachimba madini na wakulima wa mpunga wanaoshinda ndani ya mabuti ya mpira wanaugua sana. Kwenye mabweni na vyoo vya pamoja, kandambili moja huvaliwa na kila mtu. Nimewahi kuulizwa kama udhu mara tano kwa siku ndio unaoleta fangasi. Maji ya udhu hayana kosa. Kosa ni kuvaa soksi na kiatu vidole vikiwa bado vibichi.

Dawa, na ukweli wake

Kwa mtu mzima ambaye ini lake ni zima, dawa ya kwanza ni vidonge vya terbinafini, miligramu 250 mara moja kwa siku: wiki 12 kwa kucha za miguu, wiki 6 kwa za mikono. Hakuna dawa ya kumeza inayoishinda. Hata hivyo, katika majaribio yaliyoiidhinisha, wagonjwa kama 7 kati ya 10 ndio waliokutwa hawana fangasi tena mwishoni, na chini ya 4 kati ya 10 ndio waliopata ukucha uliotakata kabisa. Nasema hivi ili mtu asijekuahidiwa kucha za mtoto mchanga.

Kabla ya kuanza tunapima ini, na hapa kwetu ambako homa ya ini aina ya B ni ya kawaida, sioni sababu ya kukiruka kipimo hicho. Katikati ya dawa ukipoteza hamu ya kula, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho yakawa ya njano au mwili ukawasha wote, acha vidonge na urudi siku hiyo. Wachache hupoteza ladha mdomoni. Kwa kawaida hurudi, ingawa inaweza kuchukua muda mrefu.

Itrakonazoli ni mbadala mzuri, na hasa inafaa fangasi wakiwa wa aina ya kandida. Humezwa miligramu 200 kila siku kwa wiki 12, au kwa mizunguko: miligramu 200 asubuhi na jioni kwa wiki moja, wiki tatu unapumzika, mara tatu. Kapsuli zake zinataka chakula tumboni, na dawa za vidonda vya tumbo kama omeprazoli huzipunguzia nguvu. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri asipewe. Flukonazoli nayo inafanya kazi, lakini kwa dozi ya mara moja kwa wiki inayoendelea hadi ukucha uote upya, yaani miezi sita hadi mwaka. Vile vidonge viwili vitatu vya dukani ni dozi ya ugonjwa mwingine kabisa. Griseofulvini ya zamani bado ipo madukani. Kwa kucha za miguu humezwa mwaka au zaidi na matokeo yake ni duni, sisi hatuiandiki tena kwa kazi hii. Vidonge vya ketokonazoli visimezwe kwa ajili ya kucha. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya zilivibana kwa sababu ya madhara kwenye ini.

Dawa za kupaka? Krimu ya kawaida haipenyi ukucha, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kinachopenya kwa kiasi ni dawa za majimaji zilizotengenezwa mfano wa rangi ya kucha: amorolfini ya asilimia 5, mara moja au mbili kwa wiki, au siklopiroksi ya asilimia 8 kila siku. Unaukwangua ukucha kwa tupa kwanza, unapaka, unaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Zinafaa kama ugonjwa haujafika nusu ya ukucha na shina liko salama, au kama vidonge vimekatazwa. Ukucha mnene sana tunaulainisha kwanza kwa yurea ya asilimia 40. Kuung'oa kwa ganzi na kuacha hapo hakutibu, kwa sababu unaoota unakuta fangasi walewale wanausubiri.

Siki na limau havitafika walipo fangasi, ila angalau havina hatari kubwa. Krimu za mchanganyiko zenye steroidi ni habari nyingine. Zinatuliza muwasho kwa siku mbili tatu huku fangasi wakitambaa chini kwa chini, na doa likija kwetu halifanani tena na fangasi. Huko Asia ya Kusini matumizi holela ya krimu hizi yametajwa kati ya sababu za kusambaa kwa Trichophyton indotineae, aina iliyopewa jina mwaka 2020, inayoshambulia ngozi zaidi na ambayo mara nyingi terbinafini haiiwezi.

Mwenye kisukari asisubiri

Kwa mwenye kisukari ukucha mnene ni hatari halisi. Unabanwa na kiatu, unachimba nyama, na mguu uliokufa ganzi hausemi kitu. Kidonda kinagunduliwa soksi ikiwa imelowa usaha. Huyu nataka atibiwe mapema, lakini ndiye pia anayehitaji macho zaidi kwa sababu ya dawa anazotumia tayari. Flukonazoli ikikutana na glibenklamaidi inaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia. Terbinafini hupandisha kiwango cha amitriptilini, dawa ambayo wengi wao wanapewa kwa maumivu ya kuungua miguuni. Itrakonazoli haichanganywi na simvastatini ya kolesteroli. Beba boksi zote za dawa zako siku ya kliniki, usitegemee kumbukumbu.

Anayetumia dawa za kifua kikuu asubiri amalize, kwani rifampisini huziondoa dawa hizi mwilini kabla hazijafanya kazi. Mjamzito naye asubiri. Ukucha si dharura. Weupe unaoanzia chini kabisa kwenye shina la ukucha na kupanda ni dalili ambayo hutufanya tushauri kipimo cha VVU, kwa sababu kwa mtu mwenye kinga kamili ni nadra. Na kuna mzee wa miaka themanini mwenye ukucha mmoja wa njano usiomuuma, anayemeza dawa za presha na moyo: huyo mimi simpi vidonge. Apunguziwe ukucha kwa tupa, akaushwe vidole, basi.

Kuhusu wale vijana wanaopita mitaani na beseni wakisafisha na kupaka kucha rangi, sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini kikwangulio kilichotoka chini ya ukucha wa mteja wa asubuhi kinaingia chini ya wako bila kuchemshwa. Nunua kikata kucha na tupa yako, umpe atumie hivyo, na mkataze kusukuma au kukata ile ngozi laini ya kwenye shina, ambayo ndiyo kinga ya ukucha.

Fangasi hurudi, hata kwa waliotibiwa vizuri, na mara nyingi hurudi kutoka kwenye ngozi na viatu. Kwa hiyo tibu katikati ya vidole wakati uleule unapotibu ukucha. Hapo krimu ya terbinafini au klotrimazoli inatosha. Viatu viwe jozi mbili, moja ikivaliwa nyingine ianikwe, na poda ya fangasi imwagwe ndani. Soksi za pamba, zibadilishwe kila siku. Buti lililokaa na mguu mgonjwa miaka mitatu litupwe, hata kama soli bado nzima. Na kama mtoto mdogo ndani ya nyumba ameota ukucha wa namna hii, jambo lisilo la kawaida kwa watoto, kagueni kwanza miguu ya baba na mama.