Pesa Iliyo Kwenye Droo Si Faida

Wenye maduka wengi mitaani Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, huhesabu pesa jioni na kuamini kwamba kilichozidi baada ya kununua bidhaa za kesho ni faida. Imani hii hufilisi maduka yenye wateja tele.

Tuchukue pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 iliyonunuliwa kwa jumla kwa shilingi 140 na kuuzwa kwa 150. Pato ghafi ni shilingi 10, ambayo ni chini kidogo ya asilimia 7 ya bei ya kuuzia. Ikiwa duka linatozwa kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara zinazouza zaidi ya shilingi milioni 1 na zisizozidi milioni 25 kwa mwaka, shilingi 4.50 huondoka kwa sababu kodi hiyo hukokotolewa kwa mauzo yote, hata mwezi wa hasara. Hizo 5.50 zinazobaki ndizo zitakazogharamia mkokoteni, kodi ya chumba, stima na leseni ya kaunti. Milioni 1 kwa mwaka ni takriban shilingi 2,740 tu kwa siku, kiwango ambacho duka la kawaida hukifikia upesi.

Aidha, sukari na mkate ambao familia huchukua rafuni bila kuandikwa ni matumizi halisi, na mwenye duka anastahili kujiandikia mshahara badala ya kuchota droo.