Upande A, upande B: kusimamia swichi za mtandao wa hifadhi

Sacco, hospitali au chuo hapa Nairobi kikishakuwa na seva kumi hivi, kwa kawaida data huhamishwa kutoka diski za ndani ya seva na kuwekwa kwenye kabati moja la hifadhi, yaani mashine moja yenye diski nyingi. Kati ya seva na kabati hukaa swichi za faiba, na hizi si ndugu wa swichi za intaneti. Swichi ya intaneti ikidondosha pakiti, kompyuta huomba tena na mtumiaji hajui lolote. Swichi ya faiba ikidondosha, hifadhidata husimama ikisubiri diski yake kwa sekunde kadhaa, na foleni kaunta huanza kurefuka.

Ndiyo maana hujengwa mitandao miwili isiyogusana, A na B. Kila seva huwa na poti moja kila upande, na kabati vivyo hivyo. Kuna mafundi wanaovuta kebo kutoka swichi ya A hadi ya B wakidhani wanaongeza usalama. Kebo hiyo huigeuza mitandao miwili kuwa mmoja, na kosa moja la mipangilio sasa linaweza kuangusha yote. Tumia kebo za rangi moja upande A na rangi nyingine upande B, ili hata anayetumwa chumba cha seva saa nane za usiku asikosee.

Kwenye swichi mpya, badilisha nywila na anwani ya IP (za Brocade, ambazo amri zake ndizo tunazotumia hapa, huja na 10.77.77.77), weka saa ya mtandao ili kumbukumbu za swichi zilingane na za seva, kisha ipe namba ya domeni, inayoitambulisha swichi kwenye mtandao wake, kati ya 1 na 239. Swichi mbili za mtandao mmoja zisitumie namba moja. Zikigongana, kiungo kati yao hukataa. Swichi ya mitumba nayo hufika na zoni (vikundi vya poti zinazoruhusiwa kuonana) za mwenyewe wa zamani. Zifute kabla ya kuiunganisha: `cfgdisable`, `cfgclear`, `cfgsave`.

Zoni ndizo zinazoamua seva ipi ione kabati lipi. Kanuni tunayoisisitiza ni zoni moja kwa kila poti ya seva, pamoja na poti za kabati inazozihitaji. Ukizijaza seva zote kwenye zoni moja, seva moja ikiwashwa upya inaweza kuzisumbua nyingine. Tambua poti kwa namba yake ya WWN, kitambulisho inachopewa kiwandani chenye tarakimu 16, lakini angalia usinakili namba ya kadi badala ya namba ya poti. Zinafanana sana, na ya kadi huweza kutumiwa na poti zote mbili.

Hatua kwa seva ya saba, upande A:

`alicreate "SV07_A", "10:00:…"`
`zonecreate "SV07_KABATI1_A", "SV07_A, KABATI1_P1"`
`cfgadd "MPANGO_A", "SV07_KABATI1_A"`
`cfgenable "MPANGO_A"`

Hatari iko kwenye mstari wa tatu, unaoongeza zoni kwenye mpango, yaani orodha ya zoni zinazowashwa pamoja. Fundi mwenye haraka huunda mpango mpya wenye zoni moja tu, kisha huuwasha. Swichi humwonya kwamba mpango wa zamani utaondolewa, naye anabonyeza y kama alivyozoea. Papo hapo kila seva isiyokuwa kwenye mpango huo hupoteza diski zake upande ule. Kwa hiyo hifadhi nakala kwa `configupload` kabla hujagusa kitu, na hakikisha kwenye seva zenyewe kwamba njia za upande B ziko hai (`multipath -ll` kwenye Linux). Ukimaliza A, usiende B siku hiyohiyo. Hata programu ya swichi ihuishwe kwa mtindo huo.

Hitilafu zikianza, soma `porterrshow`, jedwali la makosa ya kila poti. Safu ya `crc err` (fremu, yaani vifurushi vya data, zilizoharibika) ikipanda pamoja na `crc g_eof` (zilizoharibika lakini alama yao ya mwisho ni nzima), tatizo liko kwenye kiungo cha poti hiyohiyo: kebo, moduli ya SFP (kipande cha kwenye poti kinachopokea kebo) au uchafu. `crc err` ikipanda peke yake, fremu zilifika zikiwa zimeharibiwa kwingine, kwa hiyo usipoteze SFP mpya hapo. Safu ya `disc c3` huonyesha fremu zilizotupwa, mara nyingi kwa sababu kuna seva au kabati linalopokea polepole. Tarakimu hizi hujilimbikiza kwa miezi, basi anza kwa `statsclear`, subiri saa moja, usome tena.

Vumbi ni adui wa kweli, hasa jengo la jirani likiwa linajengwa. Kifuniko cha kebo kisitolewe hadi dakika ya kuchomeka, na ncha isafishwe kwa kalamu ya kusafishia faiba, si kwa shati. Usikunje kebo kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai.

Stima ikipotea na jenereta ikachelewa, utaratibu wa kuwasha ni swichi kwanza, kisha kabati hadi lionyeshe kuwa tayari, seva mwisho. Seva zilizowekwa kuwaka zenyewe stima inaporudi huamka kabla ya kabati, hazikuti diski, na zile zinazoanzia kwenye kabati hilo hukwama hadi mtu azizime na kuziwasha tena. Zima mpangilio huo wa kuwaka zenyewe kwenye BIOS (mipangilio ya msingi) ya kila seva.