Eti maneno ni asilimia 7 tu?

Ukihudhuria semina za biashara hapa Kampala, hukosi kuambiwa kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe. Sauti 38, uso na mwili 55. Kwa hiyo ukionana na mteja wa nje, tabasamu latosha.

Hesabu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1967, kwa mwanasaikolojia Albert Mehrabian. Hakupima mikutano ya biashara. Katika jaribio mojawapo watu walisikilizishwa neno moja tu, "labda", kwa sauti tofauti, huku wakitazama picha za nyuso, kisha wakakisia kama msemaji anampenda mwenzake. Mehrabian mwenyewe alishaeleza kuwa inahusu hisia na mapendeleo, basi.

Ingekuwa kweli, mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla hapa Kampala, angeelewana na muuzaji wa Guangzhou, China, karibu kila kitu bila mkalimani. (Wanaoagiza vitenge wanacheka hapo.) Na ishara nazo zina wenyewe. Muulize Mganda, "Mzigo umefika?" Anainua nyusi mara moja, kimya. Ameshajibu ndiyo. Mgeni asiyejua hurudia swali mara tatu, akidhani amedharauliwa.